Fedha za Chama cha Vijana Hutoka Wapi?

Wengi wenu ni wanachama wa chama cha vijana katika makanisa yenu, na nyote mwalijua neno lisemwalo katika kila mkutano: "Fedha hatuna." Likisha kusemwa hilo, mmoja husimama akatoa shauri la kumwalika mkubwa fulani awe mgeni wa heshima, wote wakapiga makofi, na mkutano ukafungwa kwa sala. Mimi nataka kueleza hapa njia nyingine, maana naamini kwamba chama kinachomngoja mgeni wa heshima ni chama kilicholala. Fedha zinazokiweka chama hai ni zile ndogo ndogo zitokazo kwa watu wengi, nao wazitoe kwa sababu wamepata kitu walichokitaka.

Kwetu ni Mbale, na masomo nayafanya huku Jinja. Basi wakati wa masomo nashirikiana na vijana wa kanisa lililo karibu na shule, na wakati wa likizo nafanya kazi na wenzangu wa nyumbani, ambao walinichagua kuwa mweka hazina kwa miaka miwili. Ukipanda basi hapa asubuhi, ukapita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, mchana uko Mbale. Si mbali. Lakini kwa mambo ya kuuza na kununua miji hii ni kama nchi mbili, na jambo lililoleta fedha nyingi Jinja laweza kufa siku ya kwanza Mbale.

Labda mtu atasema kwamba michango ya kanisa ni desturi ya kigeni. Sivyo. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Uganda mwaka 1890 na kukaa mpaka 1911, alishika shauri moja kwa nguvu: kwamba makasisi na walimu Waafrika walipwe kwa michango ya waumini wenyewe, wala si kwa fedha kutoka Uingereza. Watu wa siku zile hawakuwa na noti. Walileta walicho nacho, yaani kauri, ndizi, kuku na mbuzi. Hata leo kwa Kiganda fedha huitwa ensimbi, na neno hilo asili yake ni zile kauri, makombe madogo ya baharini yaliyotumiwa kununulia vitu kabla ya rupia na shilingi. Kanisa lilisimama kwa vitu vya namna hiyo, na ni vitu hivyo hivyo vinavyofaa mpaka leo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mnada wa baada ya ibada. Kila aliyekulia upande huu wa Uganda ameuona. Mtu asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, au mayai kumi, au boga, au muwa mrefu kupita mlango, akaweka mbele ya madhabahu. Ibada ikiisha vitu hivyo hutolewa nje na kuuzwa kwa sauti. Nimeuona mnada ukiendeshwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo hebu nieleze unavyoendeshwa vizuri.

Kwanza, dalali. Asichaguliwe mwenye cheo, achaguliwe mwenye mdomo. Awe ni mtu anayewajua watu kwa majina na anayeweza kumtania mzee bila kumvunjia heshima. Kwetu alikuwako kijana mmoja fundi wa baiskeli, mtu mkimya siku sita za wiki, lakini akishika kuku mkononi hugeuka mtu mwingine. Alikuwa akisema, "Mzee, kuku huyu amekutazama tangu mahubiri yalipoanza, nadhani ana neno na wewe," na mzee hucheka, na mtu akisha kucheka mkono wake uko karibu na mfuko. Pili, bei ianze chini. Ukianza juu watu hunyamaza, na mnada ukinyamaza mara moja ni kazi kuuamsha. Tatu, asimame kijana mmoja mwenye daftari na mwingine mwenye kikapu, nao wamwendee mnunuzi pale pale alipo. Fedha isiyopokelewa uwanjani siku ile ile, nusu yake haitaonekana kamwe.

Nne, na hili ndilo siri yenyewe, kitu kisiuzwe mara moja tu. Tuseme kuku amenunuliwa na mwenye duka kwa shilingi 30,000. Mwenye duka asema, "Mpeni Mama Mchungaji." Mama Mchungaji ashukuru, asema, "Nami nawarudishia vijana, uzeni tena." Auzwa kwa 25,000, arudishwa tena. Mara ya tatu wavulana watano wachanga 4,000 kila mmoja, wakamchukua kwenda kumla. Kuku mmoja ameleta 75,000, wala hakuna aliyedanganywa, maana kila mmoja alijua anachokifanya. Tena jambo hili lina heshima ndani yake. Yule bibi aliyemleta kuku hana hata shilingi 5,000 ya kutoa, lakini zawadi yake imeshindaniwa mbele ya watu wote.

Kwa sababu hiyo siipendi desturi ya kusoma majina na kiasi cha fedha alichotoa kila mtu, kuanzia mkubwa hata mdogo. Wenye kutoa 2,000 hungoja kwa hofu zamu yao isomwe, na Jumapili ifuatayo hawaji. Yule mjane wa Injili alisifiwa kwa senti zake mbili, lakini tukisoma orodha kwa mtindo huu, huenda angaliondoka kabla ya jina lake kufikiwa. Someni majina, na shukuruni wote pamoja, na kiasi kiandikwe katika daftari.

Hata hivyo mnada una mpaka wake. Fedha zote zatoka katika mifuko ile ile. Ukifanywa kila Jumapili watu huanza kutoka kwa mlango wa nyuma. Mara moja kwa mwezi, na wakati wa mavuno, yatosha. Siku nyingine sharti chama kitoke nje ya ua wa kanisa, kikatafute fedha za mjini.

Jinja ni mji wa wafanyakazi na wasafiri. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 viwanda vilifuata umeme, na ingawa viwanda vingine vya zamani vimefungwa, bado wako watu wengi wanaotoka kazini jioni wakiwa na njaa na fedha kidogo. Wako pia wageni wanaokuja kuona mahali Nile inapoanzia safari yake. Chakula chepesi kitauzika tu. Chapati iliyokunjwa na mayai, ile ambayo Uganda nzima huiita rolex, haihitaji duka. Inahitaji sigiri, bapa la chuma, na mtu mwenye mkono mwepesi. Tuseme mmenunua ngano, mafuta, mayai, nyanya na makaa kwa 60,000, mkauza rolex 50 kwa 2,000 kila moja. Mmepata 100,000, faida ni 40,000. Wengi huhesabu 100,000 na kufurahi, kisha hushangaa wiki ijayo hawana fedha za kununulia ngano. Toeni kwanza fedha za mtaji, mziweke kando, ndipo mwite kilichobaki faida. Na jambo jingine la adabu: msisimame karibu na yule auzaye rolex kila siku. Yeye analisha watoto wake kwa kazi hiyo, nanyi mna mchezo wa Jumamosi moja. Nendeni kwenye siku ya michezo, au kwenye mashindano ya kwaya, mahali ambapo yeye hayupo.

Njia niliyoipenda kuliko zote huku Jinja ni ya kuosha magari, lakini si kando ya barabara. Kanisa letu lina ibada mbili Jumapili. Vijana waliosali ibada ya kwanza hubaki uani wakati wa ibada ya pili na kuosha magari na pikipiki za waliomo ndani. Mwenye gari humwachia mzee wa kanisa ufunguo, akaingia kuimba na kusikiliza mahubiri, na akitoka hukuta gari lake lang'aa. Hakupoteza wakati wake wala hakwenda mahali. Tuseme gari ni 10,000 na pikipiki ni 3,000. Magari 8 na pikipiki 15 ni 125,000, na gharama ni sabuni na matambara tu. Madereva wa bodaboda hasa huipenda, maana pikipiki safi hupata abiria wa Jumapili. Maji yachotwe bombani au kwenye tangi. Najua wako vijana wanaoshusha magari mpaka ukingoni mwa ziwa wakaoshea pale pale, na mafuta yakaingia katika maji ambayo mji huo huo huyanywa na kuvua samaki wake. Kanisa lisionekane likifanya hivyo.

Upande wa Busoga lazima niseme pia habari ya miwa. Kakira na viwanda vingine hununua miwa kwa wakulima wengi, na kikundi cha vijana kikijitoa kupalilia shamba siku moja kwa ujira, kitapata fedha nzuri. Kuuza siku ya kazi ni njia ya zamani na ya haki. Lakini iwe Jumamosi au likizo. Wako watoto wengi Busoga walioacha darasa kwa sababu ya fedha ya kukata miwa, na chama cha vijana kikianza kuwatoa wanachama wake shuleni ili kipate fedha za bati, afadhali kikae bila bati.

Sasa twende Mbale. Huko wageni ni wachache, na mtu wa Mbale hanunui chapati kwa sababu tu umeivaa aproni. Lakini Mbale ina mlima na ina desturi zake. Wanafunzi wengine hapa Jinja hawajapata kuonja malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, kisha yakapikwa kwa karanga. Kupika malewa vizuri si kazi ya vijana. Tuliwaendea akina mama wazee, tukawaomba watufundishe, nao wakaja wenyewe na vyungu vyao. Ikawa tunauza sahani za malewa baada ya ibada kwa wafanyakazi wa mjini wasio na wakati wa kuyapika nyumbani. Nadhani wengi walinunua kwa kukumbuka mama zao.

Kisha iko imbalu, tohara ya Wamasaba, ambayo hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili na hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na mji. Watu hujaa, na penye watu wengi kuna kiu. Maji ya kunywa, uji na karanga huuzika kuanzia asubuhi hata jioni. Lakini imbalu yaweza kutufundisha zaidi ya hapo. Mtazameni kijana anayejiandaa kutahiriwa. Hatumi barua kwa wajomba zake. Huwaendea mwenyewe, njuga mapajani, amepakwa unga wa mtama, ngoma nyuma yake, akacheza uani kwao mpaka watoke. Nao humpa kuku, au mbuzi, au fedha. Kila mchango wa haki una mambo hayo: umekuja mwenyewe, umeonyesha nguvu zako, na anayekupa amekuona kwa macho. Vijana wengine wa kwetu wameunda kikundi cha ngoma ya kadodi na hukodishwa kwenye arusi. Wazee wa kanisa hawakupatana juu ya jambo hili, maana kadodi ina uchezaji unaowaka moto, na wengine waliona haifai. Mimi naona ngoma haina dhambi, dhambi ni pombe inayoifuata, na kikundi kikikubaliana kurudi nyumbani kabla ya giza, matata mengi huisha.

Matembezi ya kupanda Wanale nayo yafaa. Kila mtembezi hutafuta wadhamini kabla ya siku, na kila mdhamini huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Aliye na wadhamini kumi wa shilingi 500, akitembea kilomita 12, ameleta 60,000 kwa miguu yake. Wakati wa kahawa, mwishoni mwa mwaka, wakulima huhitaji mikono ya kuchuma, na hapo pia kikundi chaweza kuuza siku ya kazi. Jambo moja ambalo halikufaa kwetu ni kuuza miche ya miti ya kawaida, ingawa watu wengi hulitoa shauri hilo kwa kuwa mlima wateleza. Wote twakumbuka maporomoko ya Nametsi huko Bududa ya tarehe 1 Machi 2010, yaliyoua mamia ya watu. Sababu ni rahisi. Uko mradi unaosaidiwa na watu wa Wales uliogawa mamilioni ya miche bure katika nchi ya Mbale, na nani atanunua apewacho bure? Mche wa parachichi uliobebeshwa ni habari nyingine, huo wauzika.

Kutoka Buganda twaweza kuiga tofali. Makaburi ya wafalme huko Kasubi yaliungua tarehe 16 Machi 2010, na mwaka 2013 Katikiro Charles Peter Mayiga alianza kuzunguka akiwaomba watu watoe "ettofaali", yaani tofali moja. Kwa kweli walitoa fedha, wakapewa hati. Lakini neno tofali lilifanya kazi kubwa. Mtu akiambiwa, "Changia ujenzi," huwaza mamilioni, akakata tamaa. Akiambiwa, "Nunua tofali moja," hujua analiweza. Chama kinachotaka kuezeka ukumbi kigawe paa katika mabati, na kila bati katika misumari yake, na mtoto wa shule ya Jumapili atanunua msumari. Chorene paa katika karatasi kubwa ukutani, na kila bati likinunuliwa litiwe rangi.

Sasa nirudi kwa mgeni wa heshima. Simkatai kabisa. Nasema tu kwamba ahadi ni deni, na deni la mkubwa hakuna kijana anayethubutu kulidai. Chama kimoja nilichokijua kiliahidiwa mabati 60 mbele ya umati, watu wakapiga vigelegele, na kwa sababu ya ahadi ile watu wengine wote walifunga mifuko yao. Mabati hayakuja. Mwaka mzima chama hakikuchanga hata shilingi, kikingoja. Tena mjue sheria: Sheria ya Uchaguzi wa Bunge ya mwaka 2005 inamkataza mgombea kuchangisha fedha au kutoa michango wakati wa kampeni. Kumwalika wakati huo ni kumtia katika hatari, na ninyi pia kuonekana mmenunuliwa. Bahati nasibu nayo yahitaji kibali cha serikali kwa sheria ya 2016, na hata kama kibali kingepatikana, mimi nisingeichagua. Vijana wa kucheza kamari tunao wa kutosha mjini.

Fedha zikisha kupatikana, zikae wapi? Sisi tulifuata mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo leo vimejaa Uganda. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja wao anayekaa na sanduku. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mmoja huondoka akijua kiasi kilichomo. Kutuma kwa simu ni rahisi, nasi tulipokea kwa njia hiyo kutoka kwa ndugu walio Kampala, lakini kumbukeni kwamba kuna ada ya kutoa, na mwaka 2018 serikali iliongeza kodi juu yake. Tena namba isiwe ya mtu mmoja. Laini iandikishwe kwa jina la mmoja, simu ikae kwa mwingine, na namba ya siri aijue wa tatu tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika ndani ya Mbale. Watu walikufa, na nyumba nyingi ziliingia maji. Mimi nilikuwa shuleni, na ufunguo wangu nilikuwa nimemwachia makamu wangu, kama kanuni yetu inavyotaka wakati wa masomo. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Wenzangu waliita wenye funguo wote watatu, wakafungua sanduku mbele ya wazee, wakakuta 412,000, nyingi zikiwa noti za 1,000 na 2,000 za kuku, malewa na matembezi ya Wanale. Zilikuwa fedha za bati. Walipiga kura kwa kuinua mikono, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kununua mablanketi, sabuni na unga wa mahindi kwa jamaa waliolala darasani katika shule ya jirani. Katika daftari imeandikwa kila kitu na bei yake, na chini yake: baki 31,000. Ukumbi uliezekwa mwaka uliofuata.